Jina la Mtoto wa Tatu

Tulipomzika mama yangu Nyeri, kabla jeneza halijateremshwa, mwendesha shughuli alishika kipaza sauti akasema, "Sasa wajina wa marehemu waje mbele na maua." Kwetu hiyo ni sehemu ya mazishi kama sala. Wajukuu waliopewa jina la aliyekufa husimama, wakubwa kwa wadogo, na watu huwatazama wakapumua kidogo, kwa sababu wanaona kwamba aliyelala pale hajaondoka kabisa. Nimewahi kuona wajina kumi na mmoja wamejipanga kando ya kaburi kama wanaosubiri picha ya shule. Kwa mama yangu hakusimama mtu. Mwendesha shughuli akarudia, akidhani kipaza sauti ndicho kibovu. Nikageuka nikatazama viti, kisha nikavitazama tena, ndiyo tabia yangu, ingawa nilijua kuliko mtu yeyote pale kwamba sitaona kitu. Binti yangu wa miaka kumi, niliyetoka naye Toronto, akaniuliza kwa Kiingereza mbona hakuna anayekwenda. Nikamwambia anyamaze. Kasisi, mtu mwenye huruma na haraka, akaanzisha wimbo, na mambo yakaendelea kama yanavyoendelea.

Tangu turudi sijafungua sanduku. Limekaa kwenye korido, kila anayepita analigonga na goti na kulaani kimoyomoyo. Mimi nakaa jikoni na mwaka 2009, mwaka niliokuwa na miaka thelathini na moja na mimba ya pili. Habari za ukoo nitaziruka. Anayezitaka aje na sukari yake tunywe chai. Inatosha kujua kwamba kabla ya Kanada niliuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, makoti ya kina mama, na mtu akishauza makoti Gikomba hawezi tena kusikia bei ya kwanza akaiamini. Hata daktari akiniambia jambo, moyoni namuuliza bei ya mwisho ni ngapi.

Tulikaa Rexdale, mtaa wa Toronto, orofa ya kumi na nne, vyumba viwili vya kulala na dirisha moja kubwa ambalo ndege zilipita karibu nalo hadi ungeweza kuwapungia abiria. Mume wangu Kamau alifanya zamu ya usiku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Mimi nilifanya zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha mikate. Yeye akishuka kwenye basi la Kipling, mimi napanda, na mtoto wetu Githinji, wa miaka mitatu, anabadilisha mikono hapo hapo kwenye ukumbi wa chini, akiwa bado na usingizi, kama kijiti cha wakimbiaji wa kupokezana. Tuliambiana maneno ya kazi tu: amekula, hajakula, ana kikohozi, viatu viko chini ya meza. Watu huuliza wenyeji wa huku hupangaje uzazi wao hata wakawa na mtoto mmoja mmoja. Sisi hatukupanga chochote. Tulipangiwa na wakubwa wa zamu, wawili ambao hawajawahi kukutana. Mimba ya pili yenyewe ilitokana na wiki moja ambayo mashine ya kuoka iliharibika.

Mashine ya kliniki ilisema ni msichana, na hapo ndipo matata yalipoanza. Kwetu mtoto hachaguliwi jina kwa kupendeza. Mvulana wa kwanza ni baba wa mume, wa pili ni baba wa mke. Msichana wa kwanza ni mama wa mume, wa pili ni mama wa mke. Hatusemi hata kwamba nyanya amepewa wajina, tunasema amezaliwa. Ni mpango mzuri, wa haki kabisa, ila uliandikwa na watu waliozaa wanane. Uweke kwa watu wanaozaa wawili uone kama haujageuka kuwa foleni ambayo dirisha linafungwa ukiwa wa tatu. Githinji alikuwa baba mkwe. Msichana huyu angekuwa mama mkwe, Wangari. Mama yangu, Nyambura, angengoja mtoto wa tatu, na nyumba yetu haikuwa na mahali pa mtoto wa tatu hata pa kusimama. Mama hakuwa na mlango mwingine wa kuzaliwa. Alizaa wasichana wawili tu, na dada yangu ni mtawa.

Nilimletea Kamau jambo hili Jumapili moja, siku pekee tuliyokula tukiwa tumeketi pande mbili za meza moja. Nilikuwa nimepika githeri yenye viazi, kwa sababu mtu huanza biashara mteja akiwa ameshiba.

"Msichana wa kwanza ni wa mama," akasema. "Hiyo sheria si mimi niliyeitunga."

"Mama yako ameshazaliwa na ndugu zako. Wangari watano, nimewahesabu mara mbili. Wangu hana hata mmoja."

"Jina si kiti cha basi, ati kikijaa unampisha mwingine."

"Basi nini?"

"Basi wa tatu atakuwa Nyambura. Nakuahidi."

"Wa tatu atalala wapi, Kamau?"

"Kwani sisi tulilala wapi? Tulilala sita kitanda kimoja."

"Na mama yenu akienda shambani, nani alibaki na nyinyi?"

Akatafuna. "Cucu," akasema. Ndivyo wanavyoitwa nyanya kwetu.

"Naam. Niletee Cucu kwanza ndipo tuzungumze juu ya kitanda."

Nikamwambia pia kwamba Gikomba hatumwuzii mtu koti ambalo bado liko ndani ya kontena bandarini. Alicheka, akaongeza githeri, akatazama saa. Hakuwa mtu mbaya na bado si mtu mbaya. Lakini nilichokuwa nataka sikuweza kumweleza bila kulia, na mtu anayelia hapati bei nzuri. Mwanamume wa kwetu akizaa msichana wa jina la mama yake, humwita Mama. Anamwita hivyo akimlisha, akimfunga viatu, akimgombeza. Mpaka leo Kamau husimama mlangoni akauliza, "Mama, umemaliza masomo?" na yule mtoto anaitika. Nami nilitaka hicho tu. Katika mji ule, ambapo kutoka asubuhi hadi jioni niliitwa kwa namba iliyo kifuani, nilitaka nyumba ambamo naweza kuita Mama, na mtu akaitika.

Kamau hakunibishia tena. Alifanya jambo la akili zaidi: alimleta Cucu. Mama mkwe alitua mwisho wa Januari na visa ya miezi sita, sweta mbili, na sanduku lenye kilo nyingi za njahi, yale maharagwe meusi ambayo mzazi wa kwetu asipokula huhesabiwa kama hajazaa. Afisa wa forodha alimuuliza ni za nini, naye akamwonyesha tumbo lake mwenyewe, la miaka sitini na minne, akamwacha yule kijana na mawazo yake. Alichukua kitanda cha Githinji, Githinji akahamia godoro la chini, na kwa muda tukawa na kitu nilichokuwa nimesahau kinanukiaje: nyumba yenye mtu ndani. Ukifungua mlango saa tisa unakuta chai, na redio ya maneno matupu, na mtoto anafokewa kwa Kikuyu naye anajibu kwa Kiingereza, na hakuna anayeona ajabu.

Nilimngoja azoee, kisha nikamjaribu tukichambua njahi mezani.

"Mama, wajina unao wangapi?"

"Kwani unataka kuninunua?"

"Nauliza tu."

"Watano. Na mmoja ana kichwa kigumu, huyo ndiye mimi hasa."

"Kwa hivyo ukikosa wa sita hutalala njaa."

Akaacha kuchambua. Alikuwa mwanamke wa sokoni yeye pia, wa viazi, na tulikuwa tumejuana tangu siku ya kwanza. "Mama Githinji," akasema, "njaa sitalala. Nitalala na aibu. Nikirudi wataniuliza kanisani, mke wa Kamau amemzaa nani? Niseme amenipita kama mlango wa mtu asiyemjua? Watauliza nilikukosea nini. Nilikukosea nini?"

"Hakuna."

"Basi."

"Mama yangu naye wanamuuliza."

"Mama yako angoje zamu yake. Zaa wa tatu. Mimi nitakulelea."

"Visa yako ni ya miezi sita."

"Wataniongezea."

"Mtoto hulelewa miaka, Mama."

"Wee! Watu wa Gikomba mna mdomo." Lakini alikuwa anacheka, na njahi moja mbovu akanirushia.

Alinisindikiza kliniki. Wanawake waliokaa kwenye viti vile walikuwa na mvi hapa na pale, na Cucu alidhani ni mama waliowaleta binti zao, akawa anatazama mlango kuona binti watatokea wapi. Nilipomweleza kwamba wengi wao ndio wana mimba, na ndiyo ya kwanza, alishika shavu. Muuguzi akanipima, akaandika, halafu akaniuliza kwa upole kama na huyu familia yetu sasa itakuwa imekamilika.

"Anasemaje?" Cucu akauliza.

"Anauliza kama tumemaliza."

"Kumaliza nini?"

"Kuzaa."

"Mbona anauliza kama mhudumu wa hoteli anayetaka kuondoa sahani? Umemwambia nini?"

"Nimemwambia bado tuko kwenye mazungumzo."

Nyumba ya mkono wa kushoto aliishi mjane Mreno, Rosa, ambaye Cucu alifanya naye urafiki bila lugha, kwa chai na kwa kuonyeshana picha. Siku moja niliwatafsiria. Rosa alizaliwa wa tisa. Alizaa mmoja. Huyo mmoja yuko magharibi ya nchi na mkewe, na hawana mtoto. "Hawawezi au hawataki?" Cucu akauliza, nami nikaona haya kuuliza, lakini nikauliza. Rosa akainua mabega, akaongeza sukari. Tulipotoka Cucu alisimama kwenye korido akaniambia polepole, "Kwa hivyo yule mama ni mzima, anatembea, na tayari amekwisha." Siku hizi namfikiria Rosa kuliko nilivyomfikiria akiwa hai. Na si wa huku peke yao tena. Mazishini niliona mabinti wa ndugu za Kamau, wa Nairobi na wa Nakuru, kila mmoja na watoto wawili na simu, na mmoja akaniambia amefunga duka. Ile foleni ya majina imekuwa fupi hata kule ilikotungwa.

Machi, theluji ikiwa imegeuka matope ya kijivu, Cucu alifanya jambo ambalo kwao lisingekuwa jambo. Kamau alikuwa amelala baada ya zamu. Githinji alikuwa anasumbua. Cucu akafungua mlango, akamwambia aende akacheze, akaendelea kukata mboga. Kwetu ndivyo mtoto anavyolelewa: unafungua mlango asubuhi, njaa inamrudisha. Njiani kuna macho ya shangazi, ya mwenye duka, ya yule mzee asiyemwamkia mtu lakini akimwona mtoto wa mtu anakaribia barabara atampigia kelele. Cucu hakuwa mzembe. Alimwachilia mtoto kwa watu, akidhani wapo.

Githinji alikutwa karibu na lifti, soksi moja mguuni. Mtu aliyemwona, badala ya kumshika mkono, alishika simu. Msimamizi wa jengo akaja akabisha mlango baada ya mlango, na alipofika kwetu Cucu akatoka na kisu cha mboga mkononi akifurahi kumwona mjukuu wake amepata mwenyeji. Kamau aliamshwa na kelele. Aliambiwa, huku amesimama na nguo za kulala, kwamba safari hii yameishia hapo, lakini ikitokea tena watapigiwa watu wa serikali wanaoshughulikia watoto, na watu hao wakija hawaji kunywa chai.

Niliporudi saa tisa nilimkuta Cucu kwenye sofa, amevaa koti, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, kama abiria. Redio ilikuwa imezimwa. Githinji alikuwa amelala kichwa kwenye mapaja yake na mkono wake ulikuwa umeshika kola ya shati la mtoto, umeikaza.

"Yule msimamizi alininyooshea kidole," akasema. "Kijana mdogo hivi."

"Najua, Mama. Kamau ameniambia."

"Mimi nimelea saba. Na wa ndugu zangu."

"Najua."

Nikavua viatu, miguu ilikuwa imevimba hadi kifundo hakionekani. Nikaketi kando yake. Ndege ikapita, tukaingoja iishe.

"Nimekuwa nikifikiri tangu asubuhi," akasema. "Huku mtoto ana watu wawili. Mmoja akilala na mwingine yuko kazini, hana mtu. Hao wengine wote ninaowaona kwenye lifti si watu, ni mashahidi. Sasa wa tatu utampa nani?"

"Si ulisema utanilelea?"

"Nilisema kabla sijaona." Akageuka akanitazama uso wangu, halafu miguu. "Usizae wa tatu, Mama Githinji. Mwanangu akikwambia uzae, mwambie mimi nimekataa. Utakufa, na huyu atabaki kwenye lifti."

Nitasema ukweli wa mfanyabiashara: niliposikia hivyo, katikati ya uchovu wote, moyo wangu uliruka. Maana mama mkwe mwenyewe alikuwa ameondoa mtoto wa tatu mezani, na bila mtoto wa tatu hakuna zamu ya kungojwa. Nikaacha muda upite kidogo, kama inavyotakiwa.

"Basi, Mama. Kama hakuna wa tatu, jina?"

"Jina ni langu," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia njia ya kwenda mjini. Nimepiga bei na watu wa kila aina, walevi, askari wa kanjo wanaofukuza wachuuzi, mabibi wa wachungaji, na sijawahi kushindwa vile, na mtu aliyekubaliana na kila neno langu. Kamau alisema jioni, akivaa buti, kwamba niamue mimi, yeye amechoka na majina. Na kweli ningeweza kuandika nilichotaka. Hospitali haijui mama wa mume. Lakini Cucu alikuwa anainama kunivua soksi kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kuifikia miguu yangu. Alikuwa analala kwenye kitanda cha mtoto, miguu imekunjwa. Mlango wa mtu kama huyo utaupita vipi, huku unakula sahani yake? Nililigeuza lile jina usiku na mchana upande huu na ule, na kila upande kulikuwa na mama wa mtu.

Msichana alizaliwa mwisho wa Mei, mzima, mwenye hasira. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, tukampigia mama yangu simu kwa kadi, asubuhi kwetu, alasiri kwake. Nilikuwa kwenye sofa na mtoto kifuani, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi Kamau aliiweka simu kwenye mto, sauti ikitoka nje, kisha akaenda kujilaza. Cucu alikuwa jikoni, hatua chache tu, anaponda njahi kwa mwiko. Tulisikia kuku wa mama, na mlango wa mabati ukifungwa ili upepo usimpoteze.

"Nimeambiwa ni msichana," mama akasema. "Mmemzaa nani?"

Alijua. Lakini lazima aulize.

"Wangari, Mama."

"Ndivyo inavyotakiwa." Akakohoa. "Na huyo mwingine mnampanga lini?"

Mwiko jikoni ulisimama.

"Hakuna mwingine, Mama."

"Hakuna mwaka huu."

"Hakuna."

Kuku walisemezana huko Nyeri muda mrefu, kwa pesa zangu. Halafu mama akasema, bila kulia, kama mtu aliyefika stendi akaambiwa gari limeondoka, "Aa. Basi mimi nikifa nimekufa."

Sikuwa na bei ya kumrudishia.

"Nipe huyo mgeni nimsalimie," akasema.

Nikaisogeza simu karibu na kichwa cha mtoto. Mama akasafisha koo, na sauti yake ikabadilika. Ikawa ile ya adabu anayoitumia na wakwe, ya kuketi wima kwenye kiti cha watu. Hakuwa anasema na mtoto. Alikuwa anasema na Wangari.

"Mama Kamau, hujambo? Umefika salama? Pole na safari. Sikuandikiwa kuja huko, mkwe, na kutoka huku jicho langu halifiki. Nilikupa binti. Nilikuwa na mmoja tu wa kutoa, nikakupa huyo. Ana mdomo mrefu, lakini akichoka hasemi, hunyamaza. Ukimwona amenyamaza, usimwache hivyo."

Mtoto wa siku tatu alikuwa amelala, ulimi nje. Mama alingoja jibu. Nilijua atangoja, kwa sababu mkwe akisalimiwa huitika, na mimi nilikuwa nimenyamaza kabisa. Ndipo Cucu akatoka jikoni na bakuli, akaniwekea mapajani, akanipa kijiko mkononi na kukikunja ndani ya vidole vyangu. Akainama juu ya kile kichwa kidogo, mdomo karibu na simu.

"Nimesikia, mkwe," akasema. "Binti yako huyu hapa. Anakula."